Kifungo cha Uzi Mwekundu

Mhudumu wa duka la simu alimgeuzia fundi cherehani kioo cha kompyuta. "Mama, aliyehamishia laini yako kwenye kadi nyingine jana alileta kitambulisho chako. Kamera ilimnasa. Unamjua?"

Mwanamke yule alikuwa ameinama, mtandio umemfunika hadi puani. Fundi hakuhangaika na uso. Macho yake yaliganda kwenye kifungo cha blauzi, alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu pale wa bluu ulipomwishia.

Blauzi ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa nyuma yake, amemshikia mkoba.

"Vipi, dada, wamempata?"

"Nifunge laini, twende polisi?" mhudumu aliuliza.

"Funga," fundi alisema. Kisha akageuka, akanyoosha mkono. "Nipe mkoba wangu."