Mgonjwa wa Saa Nne

Mgonjwa alikuwa mkaidi kupita maelezo. Dakika tano zimeshaliwa na Tavia hajaujua hata umri wake.

"Umelalaje, kaka?"

"Nimelala vizuri. Wewe je? Macho yako kama ya mtu aliyekesha."

Ndiyo hivyo tangu Tavia aingie. Kila swali analomrushia linamrudia na nyongeza.

Walikuwa kwenye chumba cha watoto, nyuma ya kanisa, wamekalia viti vidogo hadi magoti yanakaribia kidevu. Harufu ya kambare wa kukaanga ilipenya kutoka jikoni, na tumbo la Tavia lilikuwa linaisikiliza kuliko yeye alivyomsikiliza mgonjwa. Delta yote ya Misisipi ilikuwa imeleta vijana wake asubuhi hiyo. Watahiniwa ishirini, kila mmoja na mji wake na mkoba wake wa kipimo, nafasi sita tu za mafunzo ya mwaka mzima kwa vijana wanaharakati wa afya. Mwaka jana Tavia aliikosa kwa sababu alimhubiria mgonjwa kama mchungaji wa Jumapili. Safari hii alikuwa ameapa kuuma ulimi.

Kabla hajaingia, mlangoni, Bi Ernestine msimamizi alikuwa amemweleza masharti.

"Mgonjwa utamkuta ndani. Anaigiza, lakini atakusumbua kuliko wa kweli. Mfanye akubali kupimwa presha, una dakika kumi na tano. Ukibishana naye, umeanguka. Na kipimo kisitoke mkobani mpaka aridhie mwenyewe. Saa nne kamili hiyo, ingia."

Akaingia, akamkuta kijana wa rika lake, shati limenyooshwa kwa pasi, amekaa wima kama anapigwa picha.

"Umewahi, dada," kijana alisema. "Karibu. Naitwa Demarius." Huku akisema alisukuma koti lake kwa mguu, likafunika kitu chini ya kiti.

Tavia alicheka kimoyomoyo. Chipsi hizo, na chumvi yake yote. Hawa watu wanaigiza mpaka chipsi za kuficha.

Sasa, baada ya maswali yote kumrudia, alijaribu njia nyingine. "Kwenu kuna mtu ana presha?"

"Huku kwetu nani hana? Kwenu je, nani anayo?"

"Mama." Ilimtoka tu. "Alianguka kazini, kiwanda cha samaki. Anatembea sasa hivi, anatutukana kama zamani, ila mkono wa kushoto bado mzito."

Demarius aliinamisha kichwa kidogo, akasubiri. Tavia akajikuta anaendelea, kuhusu ambulensi, kuhusu kiatu kimoja cha mama kilichobaki kiwandani wiki nzima. Huyu muigizaji wamemtoa wapi?

"Pole sana," alisema Demarius. "Na wewe mwenyewe, tangu hapo umeshapimwa?"

Tavia amepima watu arobaini na mmoja, baraza kwa baraza, mpaka mbwa wa mtaa wanamjua. Mkono wake mwenyewe, hata siku moja.

"Nina shughuli nyingi."

"Shughuli gani?"

"Za kupima wa... Hebu tusiniongelee mimi. Tukuongelee wewe."

"Mimi sina haraka," alisema Demarius, akaitupia jicho saa ya ukutani.

Tavia naye akaitazama. Zimebaki dakika tatu.

"Unaogopa, kaka. Sema tu."

"Mimi? Bibi yangu ana miaka themanini na mbili, anajipima huku anakula mkate wa mahindi. Anayeogopa ni wewe. Naona unavyouficha huo mkono."

Kweli, alikuwa ameukalia. Akautoa haraka. Ulimi ulimwasha, akaubana kwa meno. Halafu wazo likamjia, zuri mpaka akaona aibu kwamba hakulipata mwaka jana.

"Sawa. Mimi nikikubali kupimwa, na wewe utakubali?"

"Nakubali," alisema Demarius, upesi mpaka sauti ikakwaruza. "Unasema kweli? Umeridhia mwenyewe, sikukulazimisha?"

"Nimeridhia."

Demarius alitabasamu kama mtu aliyepigiwa simu ya heri. Mgonjwa gani huyu anafurahia mwenzake apimwe? Lakini yamhusu nini Tavia. Neno limeshatoka kinywani mwa mgonjwa, na limetoka kwa hiari. Kambare wa leo ataliwa kwa raha.

Akafungua zipu ya mkoba wake wa bluu, akatoa kipimo. Alipoinua kichwa, Demarius alikuwa ameinama. Koti limewekwa pembeni. Chini ya kiti palikuwa na mkoba wa bluu, nembo ileile ya mafunzo, zipu wazi.

Wakabaki wanatazamana, kila mmoja ameshika kipimo chake, kila mmoja anasubiri mwenzake anyooshe mkono.

Mlango ukafunguka. Akaingia bibi mmoja anahema, mkono huu fimbo, mkono huu pakiti kubwa ya chipsi.

"Msininunie, wanangu, gari liligoma kuwaka," alisema, akijitupa kwenye kiti kidogo kilichobaki. "Haya, wa saa nne ni nani, na wa saa nne na robo ni nani? Maana mgonjwa nimeshafika, na sipimwi ng'o."