Bibi Hakuacha Barua

Siku hizi riwaya ya kihistoria haisomwi hadharani bila marehemu waliotajwa humo kupewa nafasi ya kupinga. Mashine huwasemesha kutokana na maandishi waliyoacha.

Basi nilialikwa chuo kikuu kwenye jioni ya fasihi kusoma riwaya yangu. Nikafungua ukurasa ambao bibi yangu, Nankondo, anachapwa viboko kwenye shamba la mkonge. Kabla sijamaliza sentensi, spika ikakohoa. Alikuwa Bwana Hallmann, msimamizi aliyemchapa. Huyo aliacha barua mia nne.

"Napinga," akasema kwa upole. "Sikumgusa mwanamke yule."

"Muulizeni na bibi!" nikafoka.

Dakta Kiondo, mwenyeji wangu, akatazama chini. "Bibi yako hakuacha maandishi, dada. Tuna alama ya dole gumba tu kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi ya shambani. Kisheria, asiye na maandishi hana pingamizi."

"Hana pingamizi na aliyemchapa?"

Mama yangu, aliyeketi mstari wa mbele, akasimama na mkongojo wake. "Mgongo ule nimeuosha kwa mikono hii. Makovu nayajua moja moja."

"Samahani, mama," akasema Dakta Kiondo. "Walio hai hawaruhusiwi kuwasemea wafu."

Ukurasa ukafutwa palepale kwenye nakala zote. Watu wakapiga makofi, tena kwa adabu.

Tangu siku hiyo mama anaandika. Maharage yanaungua jikoni, yeye yuko mezani na daftari: alichokula, aliyemsalimu, goti linavyomuuma. Jana nilimsihi apumzike. Hakuinua hata kichwa.

"Hallmann ana barua mia nne," akasema. "Mimi niko ukurasa wa tisa."