Bangili ya Simu Mbovu

Mwanakombo, sonara wa nyuma ya soko, alikuwa amechoka hoi. Miezi mitatu alikusanya simu mbovu na kutoa chembe za dhahabu zilizomo, mpaka zikatosha bangili moja ya harusi.

Bi Thureya, aliyekuja na binti yake, bibi harusi mtarajiwa, aliigeuzageuza. "Inang'aa kweli. Dhahabu ya mgodi gani?"

Mwanakombo angeweza kudanganya. "Si ya mgodini, bibi. Nimeitoa kwenye simu mbovu."

Bi Thureya akaitupa mezani. "Mwanangu avae takataka siku ya harusi yake? Watu watatucheka!"

"Kaka yangu alifukiwa mgodini," Mwanakombo alisema taratibu. "Tangu hapo sigusi dhahabu ya kuchimbwa."

"Pole, mwanangu. Lakini harusi ni harusi." Akabeba mkoba wake, akatoka.

Binti yake, Nasra, hakumfuata. Alinyoosha mkono. "Nivishe, dada."

"Na mama yako?"

"Nitazungumza naye."

Mwanakombo akamvisha, kisha akajibwaga kwenye kigoda. Nje, Bi Thureya aliita jina la bintiye, akaita tena. Nasra alisimama dirishani, mkono ameuinua kwenye jua.