Udongo wa Bibi Kokuhirwa

Fundi Privatus alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, shati limelowa jasho, na bado hajaambiwa kama kazi ni yake.

"Panua kidogo, mwanangu," alisema Bibi Kokuhirwa kutoka juu, amekaa kwenye kigoda na kikombe chake cha kahawa. "Fundi aliyemjengea kijana wangu kule Bukoba alisema udongo hauonekani vizuri kwenye shimo jembamba."

Privatus akapanua. Angefanyaje? Pale Nyaishozi makadirio ni bure. Fundi anaitwa, anachimba kuona ardhi imeshika kiasi gani, anataja tofali, saruji, mchanga na kokoto, anapewa chakula, anarudi kwake kusubiri. Analipwa yule atakayechaguliwa tu, na Privatus alikuwa hajachaguliwa tangu msimu wa kahawa. Kazi zote zilikuwa zinakwenda kwa Elick wa Nyabiyonza, fundi mwenye pikipiki na mdomo mtamu.

Mkewe, Noela, alishachoka. Alimwambia waziwazi kwamba nyumba hii nayo ikienda kwa Elick, watafunga virago waende Muleba, Privatus akabebe magunia dukani kwa shemeji yake. Na shemeji mwenyewe ni kijana mdogo anayependa kutuma watu! Kuliko aibu hiyo, Privatus alikuwa radhi achimbe mpaka atokezee Uganda.

Tena nyumba yenyewe ilikuwa nyumba kweli. Bibi alitaka vyumba vingi, vidogo vidogo, vya hatua tatu kwa tatu, vimepangana kwa mistari mpaka chini kabisa ya kiwanja. Wajukuu wakija Krismasi walale wapi, aliuliza. Na kila kona ya kila chumba alitaka ipimwe udongo, maana hakutaka kuta zije zipasuke yeye akiwa kaburini hawezi kugomba na mtu.

Privatus akapiga hesabu kimoyomoyo, moyo ukamchangamka. Vyumba vingi ni kuta nyingi. Kuta nyingi ni saruji nyingi. Alikuwa ameshaongeza na mifuko kadhaa ya tahadhari, ya kufidia itakayovunjika, ingawa hata yeye asingeweza kukueleza saruji inavunjikaje.

Akachukua donge la udongo, akalitia maji, akaliviringisha kiganjani mbele ya bibi ili aone kwamba yuko na mtaalamu.

"Huu mweusi wa juu haufai, bibi. Unakunywa maji, unavimba. Kwenye msingi tunautoa wote."

"Utoe, lakini usiutupe," alisema bibi. "Uweke pembeni peke yake. Usiuchanganye na ule mwekundu."

Privatus akatii. Wazee hawatupi kitu, hilo analijua. Mama yake mwenyewe bado ametunza kofia ya marehemu baba. Alichoshauri tu ni kwamba lile lundo la samadi, ambalo jirani mfugaji Muhwezi alilimwaga kando ya kiwanja, liondolewe, kwa sababu hapo ndipo kokoto zitashushwa. Bibi akamtuliza, akasema mvua zikianza halitakuwepo.

Halafu akavuta funda la kahawa na kusema, kama mtu anayejisemea, kwamba jana Elick alikuwa na maoni mengine. Yeye aliona kule chini kwenye mteremko udongo ni laini.

Privatus akasimamisha jembe.

"Elick alichimba wapi?"

"Mstari ule wote. Kijana ana nguvu, nisimseme vibaya."

Ukimtajia Privatus Elick, umemwagia mafuta ya taa kwenye moto. Kesho yake alirudi alfajiri na sululu ya kuazima. Alichimba mstari wa pili, akachimba wa tatu, mashimo mapana, mazuri, kingo zimenyooka. Mchana bibi alimpakulia ndizi na maharage huku akilalamikia nyonga yake, kwamba siku hizi hata kuinama aokote kijiko hawezi. Privatus alimwonea huruma kwa dhati, akarudi kuchimba mstari wa nne.

Jioni akasimama wima kama yuko shuleni, akataja makadirio yake yote. Bibi alisikiliza kwa heshima. Akaomba arudie hapo kwenye kokoto. Akashukuru, akasema atamwita.

Mvua zikaanza. Hakuitwa. Noela akaanza kukunja nguo.

Basi, Privatus akameza kiburi chake, na hakikuwa kidogo. Bora amwombe Elick kibarua cha kuchanganya zege kuliko kwenda kutumwa na shemeji. Akashika barabara ya kwenda kwa bibi, na kabla hajafika, huyo Elick anakuja kwa miguu, pikipiki haipo, uso umemshuka. Elick ndiye aliyeanza kusema.

"Hongera, kaka. Nakuomba unisaidie hata kibarua cha zege. Hali yangu mbaya."

Privatus alimtazama. Elick naye alimtazama. Wakatembea pamoja mpaka kwenye kona, pale kiwanja kinapoonekana chote.

Hakukuwa na tofali hata moja. Katika kila shimo, mstari kwa mstari, ulisimama mgomba mchanga, majani yakicheza kwenye manyunyu, samadi ya Muhwezi imejazwa shinani.

Bibi Kokuhirwa aliwaona, akaitikia shikamoo zao kwa furaha.

"Karibuni, mafundi wangu. Elick, ulisema kweli, kule chini ndiko laini. Tazama ilivyoshika."