Nyumba Huchezwa Kwanza

Kyela siku hizi huhamii nyumba ya saruji ya jivu la pumba za mpunga mpaka majirani waje kuicheza. Ndiyo sheria. Mtaa mzima unajaa sebuleni, muziki unafunguliwa, na ukuta wenyewe, uliotegeshwa vipima-mtikisiko, kwa sauti ya dada mpole, unatangaza kama nguzo na vyuma vyake vya mshazari vimehimili mtikisiko.

Atupele alipika pilau la kulisha watu wote hao. Nyumba ingefeli, angerudi kuishi kwa wifi yake Subilaga, asimangwe kila siku kwamba anamaliza sabuni.

"Jivu la pumba!" Subilaga alicheka mlangoni. "Wifi, hii nyumba au jiko?"

"Ingia ucheze, maneno baadaye."

Tulicheza jamani! Mama Ambakisye, na mwili wake ule, aliruka mpaka sufuria zikaitikia.

"Nyumba imefaulu," ukuta ukasema. "Hongera, Atupele."

Vigelegele! Muziki ukazimwa, watu wakageukia sahani.

Ukuta ukasema tena, "Asanteni. Sasa mnaweza kuacha kucheza."

"Mbona tumeshaacha?" Atupele akajibu, mwiko ukiwa hewani.

Mchuzi ulikuwa unacheza kwenye bakuli. Nje mbwa walibweka, kisha tetemeko likaporomosha ukuta wa nyumba ya mtu. Ndani hapakuwa na hata ufa.

Subilaga, ambaye nyumba yake ni ya saruji ya zamani, ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Wifi yangu kipenzi, chumba cha wageni ni kipi?"

Tulicheka mpaka machozi, lakini hakuna aliyetoka.