Mwoga wa Bi Mwanahija

Enzi hizo mhusika wa mchezo wa mezani akishachezwa mwaka mzima hupewa haki ya kujiamulia, na aliyemtunga haruhusiwi kumlazimisha. Bi Mwanahija alikuwa na mhusika wake, Chongo, mwizi wa urefu wa kidole, aliyemtunga mwoga makusudi apate wa kumcheka.

Alasiri ile, nyumbani kwa wifi yake Mize, shujaa wa Mize alikuwa ananing'inia shimoni kwa kamba. Mhusika akifa, aliyemtunga huondoka mezani asirudi tena, ndiyo kanuni.

"Kata kamba, tukimbie," Bi Mwanahija akamnong'oneza Chongo. "Wifi kashinda mno mwaka huu."

Chongo akatikisa kichwa. Akaishika ncha ya kamba, akajifunga kiunoni, akajitupa upande wa pili. Uzito wake ukamvuta shujaa juu, yeye akazama shimoni, akafa.

Mize akapiga kigelegele, kisha akaikumbuka kanuni, akakikatiza.

Bi Mwanahija alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Akanyanyuka, akajitanda mtandio wake.

"Wifi, ushujaa ule ulimpa wewe?" Mize akamuuliza.

"Mimi? Nilimpa woga tu, tena wa kwangu mwenyewe. Sasa yeye aliutua lini, na mimi bado nimeubeba?"