Koti la Acteur

Askari aliingia kibandani kwangu, Butembo, akasimama mbele ya mchoro ambao ulikuwa haujakauka. Hakunisalimu.

Nilikuwa nimechora tukio la filamu niliyoiona kwenye ukumbi wa video: shujaa wake amepiga magoti kando ya mto, ametupa kisogo. Mchanga nilibandika wa kweli. Koti lake nililikata kutoka shati la kijeshi. Siku hizo za vita, soko la Beni liliuza hata nguo za askari.

"Huyu ni nani?"

"Ni acteur, chef. Hata bamupige masasi, acteur hapana kufa."

Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye bega la yule mtu, penye kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, misalaba midogo midogo.

"Nguo ulitosha wapi?"

"Beni, ku soko. Mama moja aliniuzisha."

"Mama gani?"

"Sijue jina yake, chef."

Alinikazia macho. Kisha akanigeuzia bega lake. Uzi mwekundu, misalaba midogo midogo.

"Mama yetu ndiye anashonaka hivi. Tuko batoto babili tu."

Akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafungika.

"Muzee, umesema acteur hapana kufa. Donc, ndugu yangu iko wapi?"